Mawimbi ya Simu na Msongo wa Oksidisho Mwilini: Yaliyothibitika, Yanayochunguzwa na Yanayouzwa kwa Hofu

Kwa nini tumeandika sehemu hii

Miongoni mwa maswali yanayotufikia kutoka kwa watumiaji wa huduma za mawasiliano, lipo moja linalojirudia kwa sura nyingi: je, mawimbi yanayotoka katika simu, vifaa vya Wi-Fi na minara huzalisha sumu mwilini na kuharibu seli? Zamani swali hili liliulizwa kwa maneno ya kawaida. Siku hizi linaulizwa kwa istilahi za maabara, kwa sababu wauzaji wa vibandiko, mikufu na vidonge vya "kuondoa mionzi" wamejifunza kutaja "msongo wa oksidisho" na "radikali huru" katika matangazo yao. Baadhi yao hutaja hata tafiti za kweli.

Kwa hiyo haitoshi kumwambia mtumiaji kuwa hayo ni uzushi. Tafiti zipo, na baadhi zimeripoti mabadiliko. Mtumiaji anahitaji kufahamu tafiti hizo zilipima nini, zina uzito gani, na kama zinampa sababu ya kutoa fedha zake au kuukataa mnara katika mtaa wake. Hayo ndiyo tunayoyaeleza hapa.

Jibu kwa ufupi

Athari ya mawimbi ya redio iliyothibitishwa kisayansi ni kupasha joto mwili, na viwango vya usalama vimewekwa ili joto hilo lisifikie kiasi cha kudhuru. Tafiti nyingi za wanyama na za seli zimeripoti dalili za msongo wa oksidisho hata pasipo joto la kupimika, lakini nyingi kati ya hizo zina kasoro za upimaji, na matokeo yake hayaafikiani. Ushahidi uliopo hautoshi kusema kwamba matumizi ya kawaida ya simu husababisha madhara hayo kwa binadamu, wala haujafunga mjadala. Anayetaka kupunguza mawimbi yanayomfikia anaweza kufanya hivyo bila gharama yoyote. Bidhaa zinazouzwa kwa madai hayo hazihitajiki, na nyingine zina hatari yake zenyewe.

Mawimbi ya redio ni mionzi ya aina gani?

Neno "mionzi" hubeba mambo mawili yanayotofautiana sana. Ipo mionzi ayonisha, kama ile ya eksirei na ya madini ya urani, yenye nishati ya kutosha kung'oa elektroni kutoka katika atomu na kuvunja moja kwa moja viunganishi vya kemikali vya vinasaba. Ipo pia mionzi isiyoayonisha, ambamo mna mwanga wa kawaida, joto la jiko, na mawimbi ya redio yanayotumiwa na redio, televisheni, simu na Wi-Fi.

Tofauti kati ya mionzi hiyo haitokani na wingi wake tu, bali na nguvu ya kila chembe yake. Katika masafa yanayotumiwa na simu, chembe moja ya mawimbi ina nishati iliyo ndogo takriban mara milioni moja kuliko ile inayohitajika kung'oa elektroni. Kuongeza idadi ya chembe hizo hakuzipi uwezo huo. Huongeza joto tu. Ndiyo maana haifai kulinganisha simu na mashine ya eksirei.

Mawimbi haya yakiingia mwilini huzitikisa molekuli za maji na chembe zenye chaji, na mtikisiko huo hugeuka kuwa joto. Kiasi cha nishati kinachofyonzwa hupimwa kwa wati kwa kila kilo ya mwili, na kipimo hicho hujulikana kwa kifupi kama SAR. Msomaji asichanganye joto hilo na lile analolihisi sikioni baada ya mazungumzo marefu. Hilo la sikioni hutokana zaidi na betri na saketi za simu, pamoja na ngozi kuzuiwa kupata hewa.

Msongo wa oksidisho ni nini?

Ili kupata nguvu, kila seli huunguza chakula kwa kutumia oksijeni. Kazi hiyo hufanyika zaidi katika sehemu za seli ziitwazo mitokondria. Tunaweza kuifananisha na jiko la mkaa: moto ni wa lazima, lakini jiko halikosi kurusha cheche. Cheche za seli ni molekuli za oksijeni zenye ukali wa kemikali, kama vile superoksidi, peroksidi ya hidrojeni na radikali ya haidroksili. Zikigusa mafuta ya utando wa seli, protini au vinasaba, huweza kuviharibu, kwa namna inayokaribiana na kutu inavyokula chuma au mafuta ya kupikia yanavyochacha.

Mwili una ulinzi wake. Vimeng'enya kama dismutesi ya superoksidi na katalesi huzizima cheche hizo, vikisaidiwa na glutathioni pamoja na vitamini C na E zitokazo katika chakula. Kemikali hizi za kuzima huitwa antioksidanti. Msongo wa oksidisho hutokea pale cheche zinapozidi uwezo wa ulinzi huo.

Yapo mambo mawili ambayo matangazo ya biashara huyaacha. Kwanza, si kila cheche ni adui. Chembe nyeupe za damu huzitumia kuua vimelea, na seli huzitumia kupelekeana taarifa. Mtu akikimbia au akilima, cheche hizo huongezeka kwa muda, na mwili hujibu kwa kuimarisha ulinzi wake. Kwa hiyo kuongezeka kwa alama moja ya oksidisho katika kipimo cha maabara si sawa na kuugua.

Pili, vyanzo vikubwa vya msongo huu katika maisha ya kila siku vinajulikana vyema: moshi wa sigara, moshi wa kuni na mkaa ndani ya nyumba, kisukari kisichodhibitiwa, pombe kupita kiasi na baadhi ya viuatilifu. Mama anayepika kwa kuni katika jiko lisilo na dirisha hukabiliwa kila siku na chanzo cha msongo wa oksidisho ambacho madhara yake kwa mapafu na moyo yamethibitishwa pasipo shaka. Kaya yenye fedha kidogo ya kutumia kwa ajili ya afya itanufaika zaidi ikiielekeza kwenye jiko bora kuliko kwenye kibandiko cha simu.

Tafiti zinasema nini?

Mwaka 2016, Yakymenko na wenzake walichapisha mapitio ya tafiti 100 kuhusu mawimbi ya redio ya kiwango cha chini na oksidisho, wakaeleza kwamba 93 kati yake ziliripoti athari. Takwimu hii ndiyo inayonukuliwa sana na wauzaji. Ni takwimu ya kweli, ila huhesabu tafiti bila kuzipima. Kumi dhaifu hazilingani na moja madhubuti, kama vile mashahidi kumi waliosikia habari kwa jirani hawalingani na mmoja aliyeshuhudia.

Mwaka 2024 yalichapishwa mapitio mengine, yaliyoandaliwa kwa ombi la Shirika la Afya Duniani (WHO). Haya yaliweka vigezo kwanza, yakachuja maelfu ya machapisho hadi kubakiza tafiti zaidi ya 50 za wanyama na za seli, kisha yakapima ubora wa kila moja. Matokeo hayakuafikiana: katika baadhi ya viungo alama za oksidisho ziliongezeka, katika vingine hazikubadilika. Waandishi walihitimisha kwamba uhakika wa ushahidi huo ni mdogo sana. Msomaji azingatie maana ya kauli hiyo. Haisemi kwamba athari haipo. Inasema kwamba kwa tafiti zilizopo hatuwezi kujua kwa uhakika.

Ushahidi huo umekuwa dhaifu kwa sababu tano zinazojirudia.

1. Kipimo cha mawimbi hakijulikani. Katika baadhi ya tafiti, simu ya kawaida iliwekwa karibu na kizimba cha panya. Nguvu ya simu hubadilika kila mara kulingana na mtandao, hivyo mtafiti hawezi kueleza mnyama alipokea kiasi gani.

2. Joto halikutenganishwa. Joto lenyewe huweza kuongeza oksidisho. Bila kulipima kwa makini, athari ya joto huhesabiwa kuwa athari nyingine.

3. Hofu ya mnyama. Panya anayebanwa katika mrija mwembamba ili akae karibu na antena huingiwa na taharuki, na taharuki huongeza oksidisho. Lazima liwepo kundi jingine la panya wanaobanwa vivyo hivyo pasipo mawimbi.

4. Mpimaji kujua kundi. Anayesoma sampuli akijua ni ya panya aliyepewa mawimbi, huweza kuegemea upande bila kukusudia.

5. Vipimo visivyochagua. Kipimo kimoja cha zamani hutambua mafuta yaliyoharibika kwa kubadilika rangi, lakini rangi hiyo hubadilishwa pia na sukari na kemikali nyingine katika sampuli.

Lipo pia swali la njia. Ikiwa chembe za mawimbi haya hazina nguvu ya kuvunja molekuli, zingeongezaje cheche? Wanasayansi wamependekeza maelezo kadhaa, likiwemo la kuathiriwa kwa jozi za radikali zinazojitokeza kwa muda mfupi sana katika baadhi ya protini, na la kuamshwa kwa vimeng'enya vilivyo katika utando wa seli. Hakuna hata moja kati ya maelezo hayo lililothibitishwa kwa mawimbi ya simu katika viwango ambavyo watu hukutana navyo.

Je, kuna uhusiano na saratani?

Swali la oksidisho huulizwa kwa sababu nyuma yake kuna hofu ya saratani. Mwezi Mei 2011, Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani (IARC) liliyaweka mawimbi ya redio katika Kundi 2B, yaani mambo ambayo huenda yakasababisha saratani. Kundi hilo hueleza uthabiti wa ushahidi, si ukubwa wa hatari. Hutumika pale ambapo kuna ushahidi fulani ambao haujatosha kuthibitisha.

Mwaka 2018, Mpango wa Kitaifa wa Tathmini ya Sumu wa Marekani ulitoa matokeo ya utafiti mkubwa wa panya. Wanyama walipewa mawimbi mwili mzima, saa tisa kwa siku, kwa takriban miaka miwili. Panya dume walionekana kupata uvimbe wa saratani katika neva za moyo. Mapitio ya tafiti za wanyama yaliyochapishwa mwaka 2025 yaliupa ushahidi huo uzito mkubwa, nasi hatuoni sababu ya kumficha msomaji jambo hilo. Hata hivyo viwango walivyopewa panya hao, vya wati 1.5 hadi 6 kwa kilo kwa mwili mzima, vilizidi sana kiwango kinachoruhusiwa kwa mwili mzima wa binadamu, ambacho ni wati 0.08 kwa kilo. Isitoshe, panya dume waliopewa mawimbi waliishi muda mrefu kuliko wale ambao hawakupewa.

Kwa upande wa binadamu, mapitio mengine ya mwaka 2024 yaliyofanywa kwa ombi la WHO yalihitimisha, kwa uhakika wa wastani, kwamba matumizi ya simu za mkononi hayaelekei kuongeza saratani za ubongo, hata kwa watu waliozitumia kwa zaidi ya miaka kumi. Mwaka huohuo, utafiti uliofuatilia watu zaidi ya 250,000 katika nchi tano za Ulaya haukuona ongezeko la uvimbe wa ubongo kwa waliozungumza na simu kwa muda mrefu zaidi.

Viwango vya usalama vimewekwaje?

Nchi nyingi hufuata mwongozo wa Tume ya Kimataifa ya Kinga dhidi ya Mionzi Isiyoayonisha (ICNIRP), uliohuishwa mwaka 2020. Msingi wake ni huu: mwili mzima ukifyonza takriban wati 4 kwa kilo, joto la ndani huweza kupanda kwa karibu nyuzi 1 ya Selsiasi. Kiwango hicho kiligawanywa kwa 50 kwa ajili ya raia wa kawaida, ndipo ikapatikana wati 0.08. Kwa kichwa na kiwiliwili, pale simu inapokaribia mwili, kikomo ni wati 2 kwa kilo, zikikadiriwa katika gramu 10 za mwili. Simu hupimwa maabara ikiwa katika nguvu yake ya juu kabisa. Katika matumizi ya kawaida hufanya kazi chini ya hapo.

Mnara una nguvu zaidi ya simu, lakini uko mbali. Katika eneo la wazi, umbali ukiongezeka mara mbili nguvu ya mawimbi hupungua hadi takriban robo. Antena nazo huelekeza mawimbi mbele, karibu sambamba na ardhi, hivyo anayesimama chini ya mnara hapokei mkondo wenye nguvu zaidi. Eneo la kuepukwa ni lile lililo mbele ya antena na karibu nayo, na ndiyo sababu maeneo hayo huwekewa uzio na alama. Mafundi wa paa na wapaka rangi wanaofanya kazi katika majengo yenye antena wasipande pasipo mwenye mtambo kuarifiwa.

Lipo jambo linalowashangaza wengi. Simu iliyo mbali na mnara huongeza nguvu yake ili isikike, na iliyo karibu huipunguza. Kwa kuwa kiasi kikubwa cha mawimbi yanayomfikia mtumiaji hutoka katika simu yake mwenyewe, mtaa unaoukataa mnara unaweza kujikuta ukipokea mawimbi mengi zaidi kichwani.

Hatua za tahadhari zisizo na gharama

Asiyeridhika na majibu ya "wastani" na "huenda" ana haki ya kuchukua tahadhari. Tunashauri yafuatayo:

• Tumia spika ya simu au visikilizi vya masikioni katika mazungumzo marefu. Sentimita chache kati ya simu na kichwa hupunguza sana mawimbi yanayofyonzwa.
• Epuka maongezi marefu mahali penye mtandao hafifu. Tuma ujumbe mfupi.
• Usilale na simu chini ya mto. Iweke mezani au izime. Utaepuka pia hatari ya betri kupata joto chini ya nguo.
• Punguza muda wa watoto kuzungumza na simu sikioni. Usingizi na masomo yao yatanufaika pia.
• Mwenye kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo aweke simu umbali wa angalau sentimita 15 kutoka kifaa hicho, na afuate maelekezo ya daktari wake.
• Usitumie simu ukiendesha gari au pikipiki. Kwa mujibu wa WHO, dereva anayetumia simu yuko katika hatari ya ajali takriban mara nne zaidi. Hii ndiyo hatari kubwa ya simu iliyothibitishwa.

Bidhaa za "kuzuia mionzi"

Vibandiko. Kibandiko kidogo hakiwezi kuzuia mawimbi, kwa kuwa simu nzima huyatoa. Kingeweza kuyazuia kikamilifu, simu isingepiga. Kinachoziba sehemu tu ya antena huweza kuifanya simu iongeze nguvu. Tume ya Biashara ya Marekani imewatahadharisha wananchi wake kuhusu jambo hilo.

Mikufu na bangili za "nishati". Desemba 2021, mamlaka ya usalama wa nyuklia ya Uholanzi ilipima bidhaa za namna hii zilizotangazwa kuwa kinga dhidi ya 5G, ikakuta kumi kati yake zina madini yanayotoa mionzi ayonisha. Iliwataka waliokuwa nazo waache kuzivaa mara moja. Mtu alikuwa akikimbia mawimbi yasiyoweza kuvunja vinasaba, huku akivaa shingoni, usiku na mchana, kitu kinachotoa mionzi iwezayo kuvivunja.

Vidonge vya antioksidanti. Hoja ya muuzaji huonekana nzuri: kama tatizo ni cheche, meza kizima-cheche. Mwaka 1994 utafiti wa Finland uliohusisha wavutaji sigara zaidi ya 29,000 ulionyesha kwamba waliopewa vidonge vya beta-karotini walipata saratani ya mapafu kwa wingi zaidi kuliko wasiopewa. Utafiti wa Marekani wa mwaka 1996 ulisitishwa mapema kwa sababu kama hiyo. Matunda na mboga za majani zina faida inayojulikana. Vidonge vya kiwango kikubwa si mbadala wake, na visimezwe bila ushauri wa daktari.

Kabla ya kununua bidhaa yoyote ya namna hii, muulize muuzaji maswali matatu: Imepimwa na maabara gani huru? Kiwango cha SAR cha simu kilikuwa ngapi kabla, na ngapi baada? Je, atanipa risiti yenye maelezo hayo kwa maandishi? Asipojibu, weka fedha zako mfukoni.

Ukiwa na wasiwasi kuhusu mnara

Nchini Tanzania, udhibiti wa mionzi, ayonisha na isiyoayonisha, uko chini ya Tume ya Nguvu za Atomu Tanzania (TAEC), iliyopewa mamlaka na Sheria ya Nguvu za Atomu Na. 7 ya mwaka 2003. Mwananchi au serikali ya mtaa inayotilia shaka mawimbi ya mnara iwasilishe ombi la upimaji kwa Tume hiyo. Malalamiko ya huduma yaanzie kwa kampuni ya simu yenyewe, na usiporidhika yapelekwe Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA). Kelele na moshi wa jenereta la mnara ni suala la mazingira linalohusu Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira (NEMC). Tunasisitiza hili la mwisho kwa sababu jirani wa mnara huweza kuhangaika na mawimbi asiyoyaona, akaacha kulalamikia moshi anaouvuta.

Andika malalamiko kwa tarehe, mahali na maelezo mafupi, na ubaki na nakala. Matokeo ya upimaji yaombwe kwa maandishi, yakionyesha kiasi kilichopimwa na kikomo kinachoruhusiwa, ili wananchi wajadili kwa namba.

Utafiti wa oksidisho unaendelea, na matokeo madhubuti yakitubadilishia ushauri huu tutayachapisha katika matoleo yajayo. Hadi wakati huo, mtumiaji anayeweka simu mbali kidogo na kichwa chake, anayepumua hewa isiyo na moshi na asiyenunua kinga asiyoihitaji amekwisha kuchukua tahadhari inayomtosha.